Wale saba wa Challenger walikufa sekunde ya ngapi hasa?

#1 Mchambuzi wa Kurasini
Wakuu, salaam. Kila Januari habari ya Challenger, chombo cha anga cha Marekani, inarudi mitandaoni, na kila mara inaandikwa vilevile: ililipuka sekunde ya 73, wote saba wakafa papo hapo. Nasema sentensi hiyo ina makosa mawili.

Kwa saa zetu ilikuwa Jumanne, 28 Januari 1986, saa 1 na dakika 38 usiku. Roketi ya pembeni ya kulia ilivuja moto kwenye kiungo chake cha chini. Moto ule ukatoboa tangi kubwa na kuchoma kishikizo kilichoifunga roketi kwenye tangi. Roketi ikayumba, tangi likapasuka, haidrojeni na oksijeni zikamwagika na kuwaka. Wingu lile jeupe kwenye picha ndilo hilo. Chombo chenyewe kilivunjwa na hewa: kilikuwa kinaelekea mara mbili ya mwendo wa sauti, kikageuzwa ubavu, mbawa na mkia vikachanika. Chumba cha wanaanga kilitoka kizima, kikaendelea kupanda kutoka kilomita 14 hadi kama 20, kisha kikaanza kuanguka. Kiligonga bahari dakika 2 na sekunde 45 baada ya kuvunjika, kwa kasi ya kama kilomita 330 kwa saa.

Sasa swali: walikufa lini? Na kwa nini dunia nzima imeng'ang'ania sekunde ya 73?

#2 Chuma Chakavu
Nimekaa mbele kabisa. Ngoja waje wenye taaluma.

#3 Dokta Mikocheni
Nianze na yanayojulikana, halafu kila mtu apime.

Ripoti ya Dk. Joseph Kerwin, daktari wa NASA (shirika la anga la Marekani), ya Julai 1986 ilikadiria kwamba wakati wa kuvunjika mwili ulisukumwa kwa nguvu kati ya mara 12 na 20 ya uzito wake, lakini kwa muda mfupi mno. Ndani ya sekunde 2 nguvu ilishuka chini ya mara 4, na ndani ya sekunde 10 chumba kilikuwa kinaanguka huru. Nguvu ya namna hiyo mtu aliyefungwa mkanda anaweza kuihimili bila jeraha kubwa. Kwa hiyo kuvunjika kwenyewe huenda hakukuwaua.

Swali linabaki kwenye hewa. Je, chumba kilipasuka kikapoteza hewa? Kwenye kilomita 20, mtu asiye na suti ya shinikizo ana kama sekunde 10 za fahamu, pengine pungufu. Kuanzia kilomita 19 hivi, shinikizo ni dogo kiasi kwamba maji yanachemka kwenye joto la mwili. Kama hewa ilitoka haraka, walizimia wakiwa bado wanapanda, na hawakuzinduka kabla ya maji. Kama ilitoka polepole, au haikutoka kabisa, tunazungumza habari nyingine.

Ripoti iliishia hapo: walipoteza fahamu, inawezekana, lakini si hakika. Mgongano na bahari, kwa nguvu ya kama mara 200 ya uzito wa mwili, ulikiharibu chumba kiasi kwamba wachunguzi hawakuweza kusema kama kilipasuka angani au majini.

#4 Chuma Chakavu
Dokta leo umeandika tukasoma, si kama cheti cha dawa. Asante.

#5 Mama Nassoro
Siku yao ilikuwa imefika. Ajali haina kinga. Mungu awarehemu.

#6 Kipanga77
Dokta #3 umeruka mitungi ya hewa. Kila mwanaanga alikuwa na kifuko cha hewa ya dharura, cha kupumulia kama dakika 6, kilichowekwa kwa ajili ya moshi au gesi ya sumu chombo kikiwa bado ardhini. Vilipatikana vinne. Vitatu vilikuwa vimewashwa. Kimoja kati ya hivyo vitatu kilikuwa cha rubani Michael Smith, na swichi yake ilikuwa nyuma ya kiti, mahali ambapo yeye mwenyewe asingefikia akiwa amefungwa. Maana yake aliyekaa nyuma yake, Judith Resnik au Ellison Onizuka, ndiye aliyeiwasha.

Mtu aliyekufa sekunde ya 73 hawashi hewa ya mwenzake.

#7 Dokta Mikocheni
Kweli kabisa, Kipanga. Ila tahadhari moja: vifuko vile vilikuwa na hewa ya kawaida, si oksijeni tupu, na havikuwa na shinikizo. Kwenye kilomita 20 chumba kikiwa kimevuja havisaidii chochote. Vinathibitisha kwamba watu watatu, au waliokuwa karibu nao, walikuwa na akili timamu kwa sekunde kadhaa baada ya kuvunjika. Havithibitishi dakika 2 na sekunde 45.

#8 Fundi Haidroliki Gerezani
Mama Nassoro, kwa heshima zote. Hii ajali ilikuwa na kinga, na watu waliijua kinga hiyo kwa jina usiku wa kuamkia siku ile.

Roketi ya pembeni haikuwa bomba moja. Ilikuja vipande vipande na kuungwa, kipenyo mita 3.7, kila kiungo kikifungwa na pini 177 za chuma. Ndani ya kiungo kuna oringi mbili, yaani pete za kuziba mwanya, za mpira aina ya Viton, unene kama milimita 7, mzunguko zaidi ya mita 11. Roketi ikiwaka, shinikizo ndani linafika kama mara 60 ya hewa ya kawaida, bomba linavimba katikati, na kiungo kinafunguka kidogo. Hapo oringi inatakiwa ifuate mwanya unaofunguka, kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Anayeuza oringi anajua: unaibana robo au pungufu ya unene wake, kisha unategemea irudi yenyewe. Viton ni bingwa wa joto na mafuta, lakini kwenye baridi inakuwa goigoi. Tume ya uchunguzi ilipima ikakuta kwamba kwenye nyuzi 24 za Selsiasi oringi ile inarudi kwenye umbo lake mara tano haraka kuliko kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri. Asubuhi ya kuruka ilikuwa nyuzi 2. Usiku ilishuka chini ya sifuri na barafu ilining'inia kwenye mnara.

Anayetaka kuona kwa macho: chukua oringi ya Viton ya milimita 7, ipime unene kwa venia kalipa. Ibane kwa klempu ibaki kama milimita 5.3. Itumbukize na klempu yake kwenye bakuli la maji yenye barafu nyingi, uiache mpaka ipoe mpaka ndani. Maji na barafu peke yake yanakupa sifuri. Ukitaka chini zaidi ongeza chumvi. Toa, fungua klempu, hesabu sekunde huku unapima. Rudia kwa oringi ya joto la hapa Dar. Tofauti utaiona bila miwani. Richard Feynman, mwanafizikia aliyekuwa kwenye tume, alifanya karibu hivyohivyo mbele ya kamera, kwa klempu ndogo na glasi ya maji ya barafu, 11 Februari 1986.

#9 Mwalimu wa Takwimu
Naongezea hapo kwa Fundi. Kabla ya Challenger kulikuwa na safari 24. Katika safari 20 zilizoruka kwenye nyuzi 19 au zaidi, ni tatu tu zilizoonyesha oringi kuungua. Katika zile nne zilizoruka kwenye nyuzi 17 au chini, zote nne zilionyesha. Usiku wa kuamkia safari, kwenye kikao cha simu cha kuamua kama chombo kiruke, walitazama safari zenye dosari peke yake, na dosari zilikuwepo kwenye baridi na kwenye joto, hivyo ikaonekana hakuna uhusiano. Safari safi hazikuwekwa mezani, na ujumbe wote ulikuwa umekaa humo.

#10 Gesi Asilia
Wakuu, mmeifanya baridi kuwa mshitakiwa pekee. Kuna lile lakiri la zinki lililopakwa mbele ya oringi kuzuia gesi ya moto. Baada ya kuunga, mafundi walipuliza hewa kati ya oringi mbili kuangalia kama zinashika. Mwanzoni walitumia shinikizo la 50 psi (pauni kwa inchi ya mraba), baadaye wakapandisha mpaka 200, wakiogopa kwamba lakiri peke yake lingeweza kuzuia hewa na kuficha oringi mbovu. Lakini hewa ya nguvu hiyo inatoboa vijishimo kwenye lakiri, na roketi ikiwaka, gesi yote ya moto inapita kwenye kijishimo kimoja na kuchoma oringi sehemu moja. Kipimo cha usalama chenyewe kikawa kinaleta ugonjwa. Mimi naweka hilo juu ya baridi.

#11 Kipanga77
Na upepo je? Moshi mweusi ulionekana kwenye kiungo kabla ya sekunde ya kwanza kuisha, kisha ukakoma kabla ya sekunde ya tatu. Moto ulionekana sekunde ya 58. Katikati hapo kulikuwa na nini? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba masalia ya kuungua kwa mafuta makavu, oksidi ya alumini, yaliziba tundu. Kisha kuanzia sekunde ya 37 chombo kikapita kwenye upepo mkali unaobadilika, mkali kuliko uliowahi kukutwa kwenye safari za nyuma, kikatikisika, na kizibo kikabanduka. Bila upepo ule, pengine roketi ingemaliza kazi yake ya dakika mbili na kuachana na chombo. Leo tusingekuwa na uzi huu.

#12 Fundi Haidroliki Gerezani
Kizibo cha masizi si kinga, Kipanga. Kiungo kilikuwa kimeshashindwa kabla upepo haujafika.

#13 Wakili wa Ilala
Ninyi nyote mnachunguza chuma. Chanzo kiko kwenye kikao. Wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni, akiwemo Roger Boisjoly, walipendekeza kusiruke chini ya nyuzi 12. Boisjoly alikuwa ameshaandika onyo kwa wakubwa zake tangu 31 Julai 1985. Upande wa NASA ukapinga vikali. Kampuni ikaomba kukaa faragha, na mmoja wa wakubwa wake, Jerald Mason, akamwambia mkuu wa uhandisi, Robert Lund, avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi. Lund akabadilisha kura, ruhusa ikatumwa kwa maandishi. Kabla ya hapo mhandisi alitakiwa kuthibitisha kwamba ni salama. Usiku ule alitakiwa kuthibitisha kwamba si salama. Mzigo wa ushahidi uligeuzwa, na mtu yeyote wa mahakamani anajua hukumu inaenda wapi hapo.

#14 Binti Kigamboni
Niulize kitu. Wapo watu wazima hapa Dar wanaoapa kwamba walipokuwa wadogo waliiona Challenger kwenye televisheni ikilipuka, moja kwa moja. Imekaaje hiyo?

#15 Mchambuzi wa Kurasini
Haikuwezekana. Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Mwaka 1986 Dar ilikuwa redio: RTD, na idhaa za nje kama BBC na Sauti ya Ujerumani. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini kurushwa kwa Challenger hata Marekani kwenyewe vituo vikubwa havikuonyesha moja kwa moja. Ilikuwa CNN, pamoja na matangazo ya setilaiti yaliyopelekwa mashuleni kwa sababu ya mwalimu Christa McAuliffe, mmoja wa wale saba. Wengi waliona marudio.

#16 Nyota ya Temeke
Wanaichanganya na Columbia, chombo kingine cha aina ileile kilichovunjika kikirudi duniani. Ile ilikuwa Jumamosi, 1 Februari 2003, saa 11 jioni kwa saa zetu, na televisheni zilikuwa tele mjini. Mtoto wa 2003 aliona mistari ya moto juu ya Texas. Baadaye akaonyeshwa wingu la Challenger, na vikaungana kichwani.

#17 Mwalimu wa Takwimu
Siyo watoto peke yao. Ulric Neisser na Nicole Harsch wa chuo cha Emory, Atlanta, waliwapa wanafunzi 106 dodoso asubuhi ya pili baada ya Challenger: ulikuwa wapi, nani alikuambia, ulikuwa unafanya nini. Walipowauliza tena 44 kati yao zaidi ya miaka miwili baadaye, 11 walikosea kila kipengele kikuu. Watatu tu walipata alama kamili ya 7. Wastani haukufika hata 3. Wengi walikuwa na uhakika mkubwa na walichosema. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, kumbukumbu ya asili haikurudi.

Kwa hiyo mtu wa Dar anayesema aliona hasemi uongo. Alisikia redioni, akajenga picha, na miaka ya 90 ITV ilipokuja picha ikapata mahali pa kukaa.

#18 Nyota ya Temeke
Nabaki na Columbia.

#19 Kipanga77
Tukiwa hapo kwenye Columbia, jibu la swali la #1 kule linajulikana vizuri zaidi. Kipande cha povu la tangi, kama robo tatu ya kilo, kilibanduka sekunde ya 82 hivi na kugonga ukingo wa bawa la kushoto. Siku 16 baadaye joto la kurudi likaingia kwenye tundu lile. Ripoti ya 2008 kuhusu wanaanga ilionyesha kwamba chumba kilipoteza hewa ghafla. Suti za shinikizo walikuwa wamevaa, lakini watatu hawakuwa na glovu, mmoja hakuwa na kofia, na hakuna aliyewahi kushusha kioo cha kofia. Kushusha kioo ni mkono mmoja, sekunde moja au mbili. Hawakuipata.

#20 Dokta Mikocheni
Na Soyuz 11, chombo cha Warusi, 30 Juni 1971. Dobrovolsky, Volkov na Patsayev. Vali ya hewa ilifunguka kwenye kilomita 168 vyumba vya chombo vilipoachana. Suti hawakuwa nazo, kwa sababu watatu wenye suti wasingeenea ndani. Vali ilikutwa imefungwa nusu: kuna aliyekuwa anaizungusha kwa mkono. Kuifunga yote kulihitaji kama dakika nzima, na fahamu ilikuwa ya sekunde chache. Baada ya hapo Warusi walirusha watu wawili wawili wenye suti kwa miaka mingi. Hao watatu ndio binadamu pekee waliofia juu ya mpaka wa anga.

#21 Bandari Salama
Hapa jirani tulikuwa na roketi zetu. San Marco, Malindi. Wakenya walirusha setilaiti.

#22 Gesi Asilia
Si Wakenya, mkuu. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, roketi aina ya Scout ya Wamarekani, bahari ya Kenya. Setilaiti ya Uhuru iliruka 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaenda kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei. Walipachagua kwa sababu ya ikweta: dunia pale inakusukuma mashariki kwa kama mita 465 kila sekunde, unaokoa mafuta. Ya mwisho ilirushwa Machi 1988.

#23 Bandari Salama
Na Tunguu, Unguja? Au hiyo nayo utanipokonya?

#24 Gesi Asilia
Hiyo ni halali yako. Kituo cha mawasiliano cha Mercury, mradi wa kwanza wa Wamarekani wa kurusha watu angani, kilikuwa Tunguu, na mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia 20 Februari 1962 aliongea nacho. Kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tafadhali turudi kwenye mada.

#25 Mama Nassoro
Fundi, nimekusoma na nimekuelewa. Oringi ilikuwa na kinga, sawa. Mimi nazungumzia roho. Mnabishana kama walijua au hawakujua, na wote mnaandika kana kwamba kutokujua ndiyo heri. Kwetu tunaomba Mungu atuepushe na kifo cha ghafla. Dakika 2 na sekunde 45 ni muda wa kutamka shahada na kurudia. Ni muda wa kuwaombea watoto. Aliyewasha hewa ya mwenzake alikuwa anafanya jambo jema dakika ya mwisho. Msimwonee huruma kwa kuwa alikuwa macho.

#26 Dokta Mikocheni
Mama, nimekupata. Kitabibu naongeza tu kwamba kukosa oksijeni hakuumi kama kukabwa. Akili inalegea, wengine wanapata furaha isiyo na sababu, kisha giza. Kama walizimia, walizimia hivyo. Lakini familia nyingi zinapouliza kama marehemu aliteseka, zinataka kusikia alikuwa na nani. Hilo ripoti ililijibu bila kukusudia.

#27 Wakili wa Ilala
Kuna familia zilizoumizwa na jibu hilo hilo. Kuambiwa alikufa papo hapo ni kitu kimoja, kuambiwa miezi baadaye kwamba pengine alikuwa macho ni msiba wa pili. Chumba kilipatikana Machi, kwenye kina cha kama mita 30. Ripoti ilitoka Julai.

#28 Binti Kigamboni
Na MV Bukoba, 21 Mei 1996? Pale watu walisikika wakigonga ndani ya meli iliyopinduka, hewa iliyonasa ikiwa inaibeba. Ikatobolewa ili kuwafikia, hewa ikatoka, ikazama. Sisi ndio tunaopaswa kuelewa swali la #1 kuliko Wamarekani. Na pale pia meli ilibeba kuliko uwezo, na watu walijua.

#29 Mwalimu wa Takwimu
Kuhusu kujua: viongozi wa NASA walitaja hatari ya kupoteza chombo kuwa moja kwa 100,000. Wahandisi waliohojiwa na Feynman walikaribia moja kwa 100. Hesabu ya mwisho ya mradi wote ni safari 135, vyombo viwili, watu 14.

#30 Chuma Chakavu
Kwa hiyo wangewezaje kuokolewa? Maana mmesema chumba kilitoka kizima.

#31 Fundi Haidroliki Gerezani
Kwa chombo kile, ngumu. Roketi ya mafuta makavu ukishaiwasha huizimi. Viti vya kurusha rubani nje viliwekwa Columbia kwa wawili tu, safari nne za mwanzo, kisha vikaondolewa. Baada ya 1986 waliongeza mlingoti wa kutokea, parashuti na suti za shinikizo. Mlingoti unafaa chombo kikiwa kinaelea kwa utulivu, si kikiwa kinapinduka. Kiungo chenyewe kiliongezwa mdomo wa chuma unaozuia mwanya kufunguka, oringi ya tatu, na vipasha joto. Discovery iliruka 29 Septemba 1988.

Soyuz iko tofauti. 26 Septemba 1983 roketi iliwaka moto ikiwa bado jukwaani Baikonur. Mnara wa kuokoa, yaani roketi ndogo iliyo juu kabisa ya kung'oa chumba cha wanaanga, ukawavuta wanaanga Titov na Strekalov, wakabanwa na nguvu ya mara 14 hadi 17, wakatua kilomita 4 kando, wazima.

#32 Kipanga77
Mnara unahitaji mtu au kompyuta ya kuuamuru. Challenger ilitoa dalili: kuanzia sekunde ya 60 shinikizo la roketi ya kulia lilianza kushuka kuliko la kushoto. Hizo ni sekunde 13. Kompyuta haikuwa na amri ya kufanya chochote na taarifa hiyo.

#33 Fundi Haidroliki Gerezani
Na ungeweka kikomo wapi? Tofauti ilikuwa ndogo mwanzoni. Ukiweka kikomo cha chini, utavunja safari nzima. Ukiweka cha juu, sekunde 13 zinabaki 2 au 3.

#34 Kipanga77
Mbili zinatosha kama una mnara. SLS, roketi mpya ya NASA iliyorushwa 16 Novemba 2022, inatumia roketi za ukoo uleule, vipande vitano badala ya vinne, na juu yake mnara upo.

#35 Wakili wa Ilala
Zinatosha kama hakuna aliyevua kofia ya uhandisi siku ya kupanga kikomo.